Ruzuku za wanawake: kazi ipo, daftari liko wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa Eldoret, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Siku ya pili akanichukua hadi mtaa wa Langas, kwenye kikundi cha akina mama wenzake wanaokutana kila Alhamisi. Wako kumi na wanne. Hushona sodo za kitambaa, zile za kufuliwa na kutumiwa tena, na kuwagawia wasichana wa shule za jirani. Pia akitokea msichana aliyekimbia kipigo au ndoa asiyoitaka, mmoja wao humlaza kwake usiku huo, na asubuhi humpeleka kwa chifu na kwa afisa wa watoto. Wamefanya hivyo miaka sita na hakuna anayelipwa.

Mwenyekiti wao alinionyesha barua pepe kwenye simu. Ilitoka kwa mfadhili mmoja, kwa Kiingereza, mistari minne tu: asanteni kwa kuomba, maombi yalikuwa mengi, safari hii hamkuchaguliwa. Ilikuwa barua ya tano ya aina hiyo.

"Dadangu, wewe umezoea mambo ya kuandika," akaniambia. "Hebu soma tulichowapelekea, utuambie tumekosea wapi."

Niliisoma usiku ule. Naandika makala haya kwa sababu niliyoyaona katika fomu ile ya Langas nimeyaona pia Likoni, Kisauni na Malindi. Nguo za akina mama ni tofauti na lafudhi ni tofauti, lakini ugonjwa ni mmoja.

Kwanza tujue ni nini kinachopotea fomu kama ile inapokataliwa. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, ikawa jiji la tano la Kenya. Ni jiji la wanariadha, la Chuo Kikuu cha Moi na la Hospitali ya Rufaa ya Moi. Wiki tatu tu baada ya sherehe hizo, tarehe 5 Septemba, Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa ametoka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifariki katika hospitali hiyo baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa Iten, mwendo mfupi kutoka Eldoret, akiwa na miaka 25. Mwezi mmoja tu nyuma alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee.

Hao walikuwa na majina, ndipo dunia ikasikia. Msichana wa Langas anayegonga mlango usiku hana rekodi ya dunia. Ana mlango wa mama mmoja tu, na mama huyo ndiye aliyekataliwa mara tano.

Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels kupigania wanawake wanaodhulumiwa majumbani. Hawakungoja tangazo la mfadhili. Walianza na uchungu wao, majina yao na jasho lao, na kazi ndiyo iliyowatangulia. Nitairudia nukta hiyo.

Sasa tuje kwenye pesa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huohuo, shirika la USAID lilikuwa limefungwa na kazi iliyobaki kuhamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Eldoret iliuhisi mtikisiko huo haraka, kwa sababu ndiyo makao ya AMPATH, mpango wa matibabu ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na vyuo vya Marekani, na ambao kwa miaka mingi ulitegemea sana fedha za USAID kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi, wanawake wengi miongoni mwao.

Kikundi cha Langas hakikuwahi kupata hata shilingi moja ya USAID. Mbona basi nalitaja? Kwa sababu mti mkubwa ukianguka, ndege wote hutafuta tawi dogo. Mashirika yenye ofisi, magari na mwandishi wa miradi anayelipwa mshahara sasa yanashuka kuomba ruzuku ndogo ambazo zamani hayakuziangalia. Mama wa cherehani anashindana nayo katika fomu moja, kwa lugha moja, siku moja ya mwisho. Na hata kabla ya dhoruba hiyo hali haikuwa nzuri: mwaka 2021 mtandao wa kimataifa wa AWID ulieleza kuwa asilimia 99 ya misaada ya maendeleo na ruzuku za wakfu haziyafikii moja kwa moja mashirika ya haki za wanawake.

Kwa hiyo mlango ni mwembamba, hilo tusijidanganye. Lakini fomu ya Langas ilikuwa na makosa yake pia, na haya yanaweza kurekebishwa bila kumngoja mtu.

Kosa la kwanza, fomu haikuwa yao. Kijana mmoja wa saiba aliwaandikia kwa malipo, akanakili maneno ya shirika jingine. Tangazo lilitaja mabadiliko ya tabianchi, basi sodo zikageuzwa kuwa mradi wa tabianchi. Nilitafuta wale wasichana wanaolazwa usiku, sikuwaona. Kazi iliyo nzito kuliko zote haikuandikwa hata kwa sentensi moja. Nilipouliza, mwenyekiti alisema waliogopa kuitaja, wasije wakaulizwa kwa idhini ya nani wanawaweka watoto wa watu. Hofu hiyo ina msingi. Mfadhili makini lazima aulize mtoto analindwa vipi. Jibu lakini wanalo: kila mara wamemjulisha afisa wa watoto, na namba 116 ya kuripoti dhuluma kwa watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia zimebandikwa ukutani. Hilo likiandikwa kwenye ukurasa mmoja na kutiwa saini na wanachama, tayari ni sera ya ulinzi wa watoto, kitu ambacho wafadhili wengi hukiomba.

Kosa la pili ndilo lililoniuma. Fomu iliuliza: mmewafikia wasichana wangapi? Wakajibu "wengi sana". Wahenga wetu walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka sita ya kazi ilikuwa vichwani mwa wanawake kumi na wanne. Hakuna orodha ya shule, hakuna idadi ya sodo, hakuna risiti za vitambaa. Mfadhili aliye Nairobi au Amsterdam hawezi kuingia kichwani mwa mtu. Anachokiona ni neno "wengi", na fomu inayofuata imeandika idadi.

Kosa la tatu ni bajeti. Waliomba fedha kubwa kuliko zote walizowahi kushika, na zote ni za vifaa: cherehani, kompyuta, meza. Hawakuweka nauli, wala kodi ya chumba, wala chochote cha anayetunza hesabu. Walidhani kujinyima kutamfurahisha mfadhili. Anayesoma bajeti hizo kila siku huona kinyume chake: kikundi ambacho hakijui kazi yake inagharimu nini. Ni afadhali kuomba kidogo kinachohesabika hadi shilingi ya mwisho.

Baada ya hapo swali ni kugonga mlango upi. Wengi wetu tunachanganya mkopo na ruzuku. Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 2007, na Hazina ya Uwezo ni mikopo, kikundi kinarudisha. Inafaa biashara, haifai nyumba ya kumficha msichana, maana msichana huyo haingizi faida ya kulipia deni. NGAAF, hazina inayosimamiwa pamoja na mwakilishi wa wanawake wa kila kaunti, hutoa ruzuku kwa vikundi, na vikundi vingi havijawahi kufika katika ofisi yake hata kuuliza.

Nje ya serikali ipo mifuko ya wanawake yenyewe. African Women's Development Fund, yenye makao Accra, ilianza kutoa ruzuku mwaka 2001. Urgent Action Fund-Africa iko Nairobi, na iliundwa kwa ajili ya dharura, pale mtetezi wa wanawake anapotishwa na hawezi kungoja miezi sita. Mama Cash ya Uholanzi imekuwepo tangu 1983. Kila mmoja una sharti lake na majira yake, na haupeleki andiko lilelile kila mahali kama kadi ya harusi. Soma kwanza wanasaidia nani. Kama hamko humo, okoeni wiki zenu mbili.

Karatasi nazo zimebadilika. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kijiandikishe kwa idara ya maendeleo ya jamii na kiwe na katiba. Kwa mashirika makubwa zaidi, Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyotiwa saini mwaka 2013, ilianza kutumika Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya NGO ya mwaka 1990. Kikundi cha mtaa hakihitaji kukimbilia kuwa shirika. Cheti halali, akaunti ya benki yenye watia saini watatu na kumbukumbu za mikutano vinatosha kuanzia. Na yeyote anayekudai "ada ya kushughulikia" ili upate ruzuku, huyo ni mwizi. Mfadhili wa kweli hatozi.

Lakini mzigo wote usiwe wa akina mama. Wafadhili husema wanataka kuwafikia walio chini kabisa, kisha huweka fomu ya mtandaoni kwa Kiingereza cha chuo kikuu, inayojifunga yenyewe intaneti ikikatika. Global Fund for Women, ulioanzishwa Marekani mwaka 1987, ulijulikana tangu mwanzo kwa kupokea maombi katika lugha yoyote, hata yaliyoandikwa kwa mkono. Kama hilo liliwezekana kabla ya barua pepe kuenea, sioni kwa nini mfadhili mwenye ofisi Nairobi leo ashindwe kusoma Kiswahili. Mwenyekiti wa Langas alinieleza kazi yao kwa Kiswahili kwa dakika kumi, nikaelewa kila kitu. Hakuna fomu iliyowahi kumpa dakika hizo. Mfadhili pia anadaiwa sababu. Anayekataa kwa mistari minne humwacha mama akirudia kosa lilelile mara tano.

Lipo jambo la mwisho, na watu wa Pwani tunalijua kwa methali ya nguo ya kuazima ambayo haisitiri. Januari 2025 iliwavua nguo wengi kwa siku moja. Ruzuku ni nzuri ikikuta kitu kinachosimama. Kule Gazi, Kwale, akina mama wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio, na kikundi hupata chake. Mfadhili akija, atakuta watu wana hesabu. Asipokuja, mgeni bado atalipa. Langas nao wanaweza kuuza sehemu ya sodo kwa bei ndogo ili zile za bure ziendelee. Walilifikiria zamani, ila waliona haya kuuza kitu cha sadaka. Niliwaambia hakuna haya katika kuifanya sadaka idumu.

Alhamisi iliyofuata hatukujaza fomu yoyote. Tulinunua daftari kubwa la jalada gumu, mwekahazina akachora mistari kwa rula: tarehe, shule, idadi ya sodo, aliyepokea, saini. Daftari la pili, dogo, ni la wasichana wanaolazwa, bila majina, kwa namba tu, pamoja na tarehe ambayo afisa wa watoto alijulishwa. Hilo linakaa kwa mwenyekiti, chini ya kufuli. Kisha wakaanza kukumbuka miaka sita nyuma, mmoja akitaja shule, mwingine akimsahihisha mwaka. Walifika shule ya kumi na moja kabla magharibi haijaingia.

Dada yangu amenipigia juzi. Wamefika shule ya kumi na tisa, na walimu wakuu wawili wamekubali kuwaandikia barua za kuthibitisha. Fomu ya sita bado hawajaigusa. Wamesema wataijaza wenyewe, kwa Kiswahili kwanza, halafu watatafuta wa kuitafsiri.