Mgongo wa Mchimbaji na Bei Yake

Majira ya baridi ya 1941 kuelekea 1942, mwanamume wa miaka 43 alishuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Wheldale, mjini Castleford, kaskazini mwa Uingereza. Hakubeba sululu, alibeba kijitabu cha kuchorea. Huyo ni mchongaji Henry Moore. Baba yake aliajiriwa katika mgodi huohuo, lakini mwana alikuwa hajawahi kutia mguu shimoni. Safari hii alitumwa na serikali.

Kamati ya wasanii wa vita, chini ya Kenneth Clark, ilikuwa tayari na michoro ya Moore ya wakazi wa London waliolala kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi wakikwepa mabomu. Sasa ilitaka makaa, maana bila makaa hakuna chuma wala treni.

Michoro iliyopatikana inastahili kutazamwa polepole. Moore alitumia kalamu za nta, kisha akapitisha rangi ya maji na wino juu yake. Nta huyakataa maji, hivyo ilipopita pakabaki mwanga: bega, uti wa mgongo, ukingo wa nguzo ya mbao inayozuia mwamba. Kwingine ni giza tupu. Wanaume wamelala ubavu au wamepiga magoti, wakichimba mahali ambapo huwezi hata kunyoosha shingo. Kumbuka kwamba huyu ni mchongaji aliyejulikana kwa maumbo ya wanawake walioegemea. Mwili wa mwanamume haukuwa kazi aliyoipenda, na kuuona tu ndani ya vumbi lile ilikuwa shughuli.

Fedha za umma zinapoagiza picha ya mfanyakazi, zinaagiza nini hasa? Kwa kawaida tunakimbilia kuuliza mchoraji ni nani, mgeni au mwenyeji. Moore anaivuruga hoja hiyo, kwa kuwa alikuwa vyote viwili: mtoto wa mchimbaji aliyeingia kazini kwa baba yake kama mtalii. Mimi naona swali zito zaidi linamhusu mwagizaji.

Januari hiyo ya 1942, wachimbaji wa Betteshanger, Kent, waligoma. Ugomvi ulikuwa malipo ya kuchimba sehemu iliyokuwa ngumu na finyu. Sheria za vita zilikataza mgomo wa namna hiyo, kwa hiyo zaidi ya wachimbaji 1,000 walishtakiwa na kutozwa faini, na viongozi 3 wa tawi la chama chao wakafungwa jela. Ikawa kichekesho: makaa hayachimbwi na mahakama. Viongozi waliachiliwa kabla ya muda wao, na faini nyingi hazikulipwa kamwe.

Mgongo uliojikunja ambao Moore aliupaka nta Wheldale ndio uleule uliokuwa ukibishaniwa Kent, senti kwa senti. Katika michoro yake bei hiyo haionekani. Simlaumu, hakutumwa kuileta. Kamati iliagiza nguvu ikaletewa nguvu, tena kwa ustadi mkubwa.

Desemba 1941, wiki chache tu kabla ya mgomo wa Kent, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière walikuwa wamegoma Elisabethville, Lubumbashi ya leo, nchini Kongo, wakidai mishahara. Huko ilichimbwa shaba, na jibu lilikuwa risasi. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu aliutia mgomo huo katika picha zake za historia ya nchi, zipatazo 100, alizoagizwa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian miaka ya 1973 na 1974. Hata hapa mlipaji alikuwa mgeni. Lakini aliagiza simulizi, akamwachia mchoraji aamue kipi kiingie, akamwekea na kinasa sauti aeleze picha zake mwenyewe, kwa Kiswahili cha mkoa wa Shaba.

Wachimbaji wa Ashington, Northumberland, hawakungoja kuagizwa. Tangu 1934 walikutana baada ya zamu, wakifundishwa na Robert Lyon, wakajichora wao wenyewe. Mkono wao haumfikii Moore hata kidogo, tuseme ukweli. Ila kwao mchimbaji hapandi kutoka shimoni akatoweka. Ana nyumba, bustani, na watu wa kucheza nao. Kazi bora walizihifadhi pamoja badala ya kuziuza, na leo ziko Woodhorn, kwenye mgodi wa zamani jirani na mji wao.

Wheldale ilifungwa 1987. Kellingley, mgodi wa mwisho wa makaa wa kina kirefu nchini humo, si mbali na Castleford, ulifuata Desemba 2015. Sasa miji ya makaa inaagiza sanamu na michoro ya ukutani ya mashujaa wenye taa kichwani. Ni rahisi kumtukuza mtu ambaye hatadai tena nyongeza. Ningekuwa kwenye kamati ya mji mmojawapo, ningempa mchoraji kwanza hati za mishahara za miaka ile, azisome mstari kwa mstari. Shimoni hataweza kushuka; mashimo yameshafukiwa.