Tujifunze Kuuliza Kabla ya Kuhesabu

Wanafunzi wengi wa shahada ya uzamivu katika elimu huanza kujifunza utafiti wa hojaji kwa njia ya hesabu. Hufundishwa wastani, asilimia na majedwali, kisha huandika maswali kwa haraka, huyapiga chapa na kuyapeleka shuleni. Kwa maoni yetu, mpango huo ni kichwa chini miguu juu. Utafiti wa namna hii hutegemea kwanza ni nani aulizwaye, na pili anaulizwa nini. Na kwa kuwa aulizwaye aghalabu ni mwalimu wa shule ya msingi pamoja na wanafunzi wake, yafaa jambo hili lizungumzwe pia katika vyuo vya ualimu.

Tuanze na uteuzi wa watu wa kuulizwa. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka kura za maoni kwa watu wapatao milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakajibu. Gazeti likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na wasio navyo walikuwa wengi. Tena, waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Basi wingi wa majibu hauponyi sampuli mbovu.

Kosa hilo laweza kutokea hata kwetu. Mtafiti atakaye kujua kama watoto wa kijiji wanajua kusoma, akiwapima waliomo darasani tu, atakuwa amewaacha watoro na wasioandikishwa. Ndiyo maana upimaji wa Uwezo, ulioanza kufanyika Tanzania mwaka 2010, uliwafuata watoto majumbani mwao.

Liko na jambo jingine ambalo wanafunzi wa uzamivu hulipuuza. Watoto wa shule moja hufanana, kwa sababu wana mwalimu mmoja, vitabu vile vile na mazingira yale yale. Tuseme mtafiti amechagua shule 50, na kila shule akachukua wanafunzi 20. Anao wanafunzi 1,000. Lakini ikiwa kipimo cha mfanano wao ndani ya shule ni 0.3, uzito wa sampuli hiyo ni sawa na wa wanafunzi 149 tu waliochaguliwa mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Angeongeza shule na kupunguza wanafunzi katika kila shule, angepata habari za kuaminika zaidi kwa jasho lile lile la kuhoji.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Hojaji nyingi hutungwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa. Mtoto huulizwa, "Una ndugu wangapi?" Mtungaji alikusudia waliozaliwa na wazazi wale wale, mtoto huhesabu na watoto wa ami na wa mama mdogo, wala hakukosea, kwani ndivyo lugha yetu isemavyo. Huulizwa huamka saa ngapi, naye hujibu saa kumi na moja. Asiyejua hesabu yetu ya saa ataandika saa tano kabla ya adhuhuri. Mwalimu naye huulizwa kama mkuu wake ni hodari na mwenye haki. Hayo ni maswali mawili, na nafasi ya jibu ni moja.

Licha ya maneno, kuna adabu. Mwaka 1932 Rensis Likert alieleza kipimo cha maoni ambacho mhojiwa huchagua daraja kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Ni chombo chema. Lakini mbele ya mgeni aliyekuja na barua ya wakubwa, wengi wetu hukubali kila kitu kwa heshima au kwa hofu. Mwalimu mkuu akisimama mlangoni, majibu huwa yake. Hapana hesabu ya baadaye iwezayo kuondoa hofu hiyo katika karatasi.

Wako watakaosema kwamba mwalimu wa darasa la tatu hana haja na mambo haya. Hatukubaliani nao. Takwimu hutumiwa kupanga vitabu, madawati na walimu, na nyingi kati yake huanzia katika daftari la mahudhurio. Mwalimu akiandika kwa kukisia, mtoto mmoja aweza kukosa kitabu, na hapana atakayejua sababu. Mwalimu anayeelewa kazi ya hojaji hujibu kwa uangalifu. Na akiona swali limekosewa, husema.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, kila mwanafunzi wa uzamivu aketi na walimu wachache kabla ya kupiga chapa hojaji yake, awaombe waeleze kwa maneno yao kila swali linataka nini, kisha asahihishe. La pili, kila mwanachuo, wakati wa mazoezi ya kufundisha, atunge maswali matano juu ya jambo moja, kama vile usomaji wa nyumbani. Ayajaribu kwa watoto watatu na kuyarekebisha. Kisha apige kura kupata jina la kuanzia miongoni mwa majina matano ya kwanza ya daftari, na kutoka hapo achukue kila jina la tano. Kazi hiyo haihitaji mashine wala fedha.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hata hivyo, kuuliza vizuri ni elimu, na elimu hiyo haimngoji mtu mpaka afike chuo kikuu. Wanachuo waianze sasa, kwa daftari na kalamu walizo nazo.