Ruhusa ya siku tatu, safari ya siku mbili

Wanachuo wenzangu, ukiniuliza kutoka hapa Dar hadi kwetu Geita ni mbali kiasi gani, nitakuuliza kwanza una shilingi ngapi mfukoni. Kwa ndege, Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 850, saa moja na nusu hivi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na Geita bado iko ng'ambo ya ghuba.

Bibi alifariki Jumanne usiku, mwaka 2024. Jumatano asubuhi nilipanga foleni ofisini, nikapewa ruhusa ya siku tatu. Saa kumi jioni nikapanda basi pale Mbezi. Shinyanga tulifika saa tatu asubuhi, miguu imevimba. Kigongo tukakaa foleni ya kivuko karibu saa mbili, huku mama mdogo anapiga simu: "Umefika wapi, mwanangu? Wazee wanasema hawawezi kusubiri zaidi." Nilifika nyumbani saa kumi jioni, nikakutana na watu wanatoka makaburini wamebeba majembe.

Kuchelewa kuzika simlaumu mtu. Kinachoniuma ni kwamba hata matanga sikukaa. Ijumaa alfajiri nikageuza, ruhusa inaisha.

Rafiki yangu wa Kibaha alifiwa muhula uleule, naye akapewa siku tatu. Alizika, akakaa na ndugu zake, akarudi bado ana siku moja mkononi. Simwonei wivu, msiba ni msiba. Ila karatasi ilitupa siku sawa, barabara haikutupa.

Mtaniambia mambo yamebadilika. Kweli. Mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku tangu 2023, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Tunashukuru. Lakini daraja la kilomita 3 halifuti zile 1,100. Na ndege? Chato kuna kiwanja, na mgodi mkubwa wa Geita nao una chake. Ila tiketi ya kukata leo uruke kesho inameza boom lote, na baba yangu ni mchimbaji mdogo, dhahabu anaifuata kwa sululu.

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja moja tu kwa menejimenti: siku za msiba zihesabiwe kuanzia mtu anapofika nyumbani, siku za njiani ziwe kando. Anayeogopa udanganyifu, tiketi ya basi ina tarehe, na barua ya mtendaji wa kijiji tunaileta siku zote. Chuo hakitatoa hata shilingi.

Ile Ijumaa mama alinisindikiza hadi mlangoni akaniuliza, "Ndiyo unaondoka? Hata hujakaa?" Sikuwa na jibu. Sitaki mwenzangu wa Kagera au Kigoma naye asimame mlangoni hivyo.