Likelemba inunue mwangaza, si stabilizateri

Wandugu wapiga picha wa Kisenge, na nyinyi wote mnaowalipa siku ya ndoa, ya ubatizo ao ya kilio, leo tuseme juu ya makuta yenu. Vijana wanaoingia likelemba ili wapate lenzi ya pili wanapewa shauri moja kila mara: usinunue lenzi yenye tundu kubwa kama haina stabilizateri. Wanaambiwa kwamba bila herufi IS za Canon, VR za Nikon ao VC za Tamron, lenzi ni nusu lenzi. Mimi nasema shauri hilo ni baya, na kwa mtu anayefanya kazi huku kwetu ni hasara tupu.

Tuanze na kazi yenyewe. Ndani ya lenzi ya namna hiyo mna vipimo vidogo vinavyosikia mkono unapotetemeka, na vioo vinavyosogezwa upande wa pili ili picha ibaki mahali pake. Ni ufundi wa kweli, sibishi. Canon iliuweka mwaka wa 1995 katika lenzi ya milimita 75 hadi 300, na sababu ilikuwa wazi: kadiri lenzi inavyovuta mbali, ndivyo mtetemo wa mkono unavyoonekana zaidi. Sheria ya wazee wa kazi inasema lenzi ya milimita 300 ipigwe kwa 1/300 ya sekunde ao haraka zaidi, na ya milimita 50 kwa 1/50. Kwenye kamera zenye sensa ndogo, kama zile nyingi tunazonunua mkono wa pili, hiyo ya 50 tuihesabie 1/80. Kwa hiyo ugonjwa huu ni wa lenzi ndefu kwanza. Dawa yake sasa inauzwa kwa lenzi fupi kana kwamba nazo zinaumwa vilevile.

Tena stabilizateri inatuliza mkono wako tu. Mtu aliye mbele yako anaendelea kusogea. Tuseme inakuokolea hatua 3: badala ya 1/80 unapiga kwa 1/10. Mtu anayetembea polepole, kilomita 5 kwa saa, anasogea karibu sentimita 14 ndani ya hiyo 1/10. Huyo ni mtembezi tu. Sasa weka mbele yako mukishi anayecheza jioni, vumbi limepanda na jua linazama. Kwa 1/10 utapata miti iliyosimama vizuri nyuma yake, na yeye mwenyewe amekuwa moshi. Kwa 1/250 yule mtembezi wetu anasogea nusu sentimita tu, na hata mchezaji unaanza kumshika.

Ile 1/250 inatoka wapi? Inatoka kwenye tundu. Zumu ndogo inayokuja na kamera, ile ya 18-55, ukiivuta hadi mwisho tundu lake ni f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara 10 zaidi. Pale zumu inapokulazimisha 1/25, lenzi hiyo inakupa karibu 1/250, bila kugusa ISO. Na kama mwangaza bado hautoshi, pandisha ISO. Picha yenye chembechembe, mama wa bibi arusi ataipokea na kuitundika ukutani. Picha ambayo uso wa mtoto wake umefutika, hataipokea, na makuta yake atayarudisha mfukoni.

Sasa bei. Mwaka wa 2015 lenzi mbili zilitoka. Canon ilitoa 50 mm f/1.8 STM, isiyo na stabilizateri: gramu 160, na Marekani iliuzwa dola kama 125. Tamron ilitoa 45 mm f/1.8 VC, yenye stabilizateri: zaidi ya gramu 500, dola 599. Tundu ni lile lile, mwangaza ni ule ule. Kwa tofauti hiyo ya bei kijana analipa flashi, betri mbili na kadi za akiba, na bado anabakiwa na kitu cha kuleta nyumbani. Hata kama bei za mkono wa pili zimeshuka, pengo halijafungwa. Na kumbuka kwamba stabilizateri inakula betri. Mtu anayechaji kwa paneli ya jua ao kwa jenereta ya jirani anajua maana yake.

Wapinzani wangu wana hoja, na nitazijibu bila kuzikimbia.

Wanasema: Canon haikuweka kitulizo ndani ya kamera zake hadi R5 na R6 za mwaka 2020, kwa hiyo kamera zetu za zamani zinahitaji lenzi yenye nacho. Kweli, kamera hizo hazina. Lakini ile zumu ya 18-55 ya Canon imekuwa na IS tangu mwaka 2007, na wengi wenu tayari mnayo. Lenzi ya pili inapaswa kukuletea kile usicho nacho. Kitulizo unacho. Mwangaza huna.

Wanasema: je, usiku, mbele ya majengo ya zamani ya manganese ao kando ya reli? Hapo wana haki, jengo halichezi. Lakini jengo litakusubiri pia uweke kamera juu ya mfuko wa maharagwe, kwenye ukuta ao kwenye kiti. Mfuko wa maharagwe unashinda stabilizateri yoyote, na kesho yake unapikwa.

Wanasema: video. Hapa nakubali kabisa. Anayekula kwa kupiga video akitembea na kamera mkononi, anunue. Mzee ambaye mikono yake inatetemeka naye anunue. Lakini wasigeuze haja yao kuwa sheria ya kila kijana anayetafuta picha ya uso.

Kwa nini naandika kwa ukali juu ya kioo? Kwa sababu watu wa mbali wanaijua Kisenge kwa manganese, na kwa reli ya kwenda Lobito iliyokatika vita vilipoingia Angola mwaka 1975. Watu waliopakia yale mabehewa sasa ni wazee. Sura zao, mikishi wao, harusi za wajukuu wao, kama hatukuzipiga sisi, nani atakuja kuzipiga? Na mambo hayo hutokea jioni, chini ya balbu moja, watu wakicheza na kukumbatiana. Hayarudiwi kwa sababu mpiga picha alikosea shata.

Kabla hamjatoa makuta ya likelemba, fanyeni kitu kimoja. Chukueni picha 100 za mwisho zilizoharibika. Mkiona kila kitu kimevutika upande mmoja, ukuta, meza na mtu pamoja, kosa ni la mkono. Mkiona ukuta umesimama na mtu peke yake amevutika, shata ilikuwa polepole, na mlikosa mwangaza. Mkiona pua iko wazi na macho yamefifia, mlikosa fokasi, na hapo stabilizateri haisaidii, maana haizuii mwili wako kwenda mbele na nyuma. Hesabuni mafungu hayo matatu. Fungu la mkono likishinda, nunueni stabilizateri na mje mnikosoe hapa hapa. Likishindwa, mnajua mnunue nini.