Harambee ya Mwaka wa Pili

Jumapili iliyopita mama mmoja wa Umoja alinisimamisha nje ya kanisa, kadi mkononi. Nilijua ni kadi ya mchango kabla hajaifungua, maana siku hizi mtu wa umri wangu hasimamishwi bure. Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja huko Finland, masomo yanaanza Agosti, na jamaa, majirani na wanachama wa chama chake wamealikwa Jumamosi moja mwezi ujao "kumsindikiza mtoto wetu".

Nilivaa miwani, nikasoma. Kadi ilitaja mambo matatu: karo ya mwaka wa kwanza, viza na bima, na nauli ya ndege.

"Na mwaka wa pili, mama?" nikauliza.

Akacheka, jinsi tunavyomcheka mtu aliyeuliza swali la kitoto. "Mwaka wa pili si atakuwa huko, mzee? Kwani kule hakuna kazi?"

Msomaji wangu, jibu hilo limenikalia kooni juma zima. Si kwa sababu mama huyu ni mjinga. Ameuza mitumba Gikomba miaka mingi na hesabu anaijua kunishinda. Limenikalia kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulitoa, nikiwa mweka hazina, mbele ya ukumbi mzima.

Nitarudi hapo. Kwanza tuelewane kuhusu nchi zenyewe, kwa maana habari tulizo nazo mitaani mwetu, kuanzia Jericho hadi Kayole, ni habari zilizochacha. Bado utasikia katika matatu ya Jogoo Road mtu akiapa kwamba kule kaskazini ya Ulaya masomo ni bure. Yalikuwa bure, ndiyo. Denmark ilianza kuwatoza karo wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka wa 2006. Uswidi ikafuata 2011. Finland ilifunga mlango huo Agosti 2017, na Norwe, ambayo wengi waliiona kama kimbilio la mwisho, ikaanza kutoza 2023. Raia wao na wa nchi za Muungano wa Ulaya bado husoma bila karo, na pengine hapo ndipo mkanganyiko unapotokea: mtu anasoma tangazo linalomhusu kijana wa Ujerumani, anadhani linamhusu wa Donholm.

Sasa tufanye hesabu, na uwe na kalamu. Karo za vyuo vya Finland zinatofautiana. Tuseme yuro 10,000 kwa mwaka, ingawa kuna zinazopungua hapo na zinazozidi. Juu ya hiyo, idara ya uhamiaji ya Finland humtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba ana yuro 800 za matumizi kwa kila mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka. Hadi mwisho wa 2023 ilikuwa yuro 560 kwa mwezi, kwa hiyo usikubali mtu akupigie hesabu ya zamani. Jumla ni yuro 19,600. Ukikadiria yuro moja kwa shilingi 150 zetu, hiyo ni Sh2,940,000. Kwa mwaka mmoja. Na shahada ya uuguzi katika vyuo vyao vya taaluma huchukua miaka mitatu na nusu. Zidisha mwenyewe, utapita milioni kumi.

Nasikia mzazi akisema: lakini wanaruhusiwa kufanya kazi! Wanaruhusiwa. Sheria ya Finland inamkubalia mwanafunzi wa kigeni wastani wa saa 30 kwa juma. Ila ruhusa ya kufanya kazi na kazi yenyewe ni vitu viwili. Ukosefu wa ajira Finland umekuwa ukipanda, na mwaka wa 2025 ulizidi asilimia 9. Mwenye duka anapochagua kati ya watu kumi, huanza na anayejua Kifini, na Kifini, ndugu zangu, si lugha ya kujifunza kwenye ndege. Haina undugu wa karibu na Kiingereza wala na Kijerumani. Masomo darasani yaweza kuwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa miaka 85 aliye kitandani haombi maji kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa uuguzi lazima amhudumie mgonjwa huyo katika mafunzo ya wodini.

Kazi inayobaki mara nyingi ni ya kufagia maofisi usiku, kuosha vyombo hotelini, kusambaza magazeti alfajiri. Si kazi za aibu hata kidogo. Kijana akizipata, zinaweza kumlisha na kumlipia chumba. Karo ni mlima mwingine.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo wazazi wengi hatulijui. Vyuo vingi vya Finland huwapunguzia karo wanafunzi wa kigeni, pengine nusu, kuanzia mwaka wa pili. Punguzo hilo lina sharti: mara nyingi mwanafunzi awe amemaliza masomo yote ya mwaka wa kwanza, ambayo wao huyahesabu kuwa vipimo 60. Kwa hiyo mtoto anayekesha akifagia ili atafute karo ya mwaka wa pili ndiye huyo huyo anayesinzia darasani, anaangusha somo moja au mawili, na kupoteza lile punguzo ambalo lingempunguzia haja ya kukesha.

Hilo ndilo lililompata kijana wetu.

Alikuwa wa Jericho, mtoto wa rafiki yangu wa miaka mingi. Alipata alama nzuri kidato cha nne, akapata chuo Finland, akaondoka Agosti 2018. Mimi ndimi niliyekuwa mweka hazina wa harambee. Tulikodi ukumbi, tukaleta kwaya, tukanadi jogoo mmoja mara sita. Nilisimama na kipaza sauti nikatangaza kiasi kilichopatikana, watu wakapiga vigelegele. Kuna mzee mmoja aliyenyoosha mkono akauliza kuhusu miaka itakayofuata. Nikamjibu, "Mzee, kijana akishavuka maji, Mungu hufungua njia." Watu wakacheka, mzee akaketi.

Miezi ya kwanza kijana alituma picha. Theluji, koti kubwa, tabasamu. Mwezi wa Desemba akamwambia mamake kwa simu kwamba jua linatoka saa tatu na robo asubuhi na kufikia saa tisa na dakika kumi alasiri limezama. Mama alituhadithia hilo kama kichekesho, nasi tukacheka. Hakuna aliyemuuliza kijana analala vipi, anakula nini, anazungumza na nani katika giza hilo.

Kisha zikaanza zile simu zetu. Unazijua. Binamu anataka karo ya shule ya kutwa. Shangazi amelazwa. Paa la nyumba ya shagsi linavuja. Kila mmoja wetu alikuwa na hoja, kwa maana kila mmoja alikuwa ametoa mchango, na moyoni tuliona kama tumenunua hisa. Kijana alituma alichoweza. Baadaye nilipata kujua kwamba kulikuwa na miezi aliyotuma pesa nyumbani huku akidaiwa kodi ya chumba.

Mwaka wa pili punguzo lilimponyoka. Alishindwa karo, akapoteza nafasi chuoni, na kibali cha mwanafunzi hakiwezi kusimama bila masomo. Alirudi Februari 2020, usiku, akiwa na begi moja. Yule tuliyemsindikiza kwa mabasi mawili hadi uwanja wa ndege alirudi kwa teksi peke yake. Mamake alimficha ndani karibu miezi miwili, akituambia bado yuko Finland, mpaka janga la Korona likatufungia sote nyumbani na ikawa hakuna tena haja ya kuficha.

Leo ana kazi ya heshima hapa hapa Nairobi, na hapendi nimzungumzie, kwa hiyo nakomea hapo. Hajawahi kunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo mliisoma magazetini. Mwaka wa 2021 kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kupeleka vijana wake Finland na Kanada. Wazazi waliuza ng'ombe na mashamba, wakalipa pesa kwenye akaunti ya mpango wenyewe, si kwa chuo. Kufikia 2023 kulikuwa na wanafunzi Finland waliokuwa wakidaiwa karo na vyuo, na wengine waliokuwa wamelipa hawakuwahi kuondoka. Wazazi waliandamana Eldoret. Aliyekuwa gavana na maafisa wengine walifikishwa kortini mwaka huo wakakana mashtaka. Sisemi nani ana hatia. Hilo ni la mahakama. Nasema tu kwamba kila pesa inapopita mkono wa tatu, mzazi hujua ametoa, hajui kama imefika.

Huku kwetu mkono wa tatu ni ajenti mwenye chumba ghorofani katikati ya jiji, mwenye bendera ndogo mezani. Wapo walio waaminifu, sikatai. Lakini mengi wanayotoza ada unaweza kuyafanya mwenyewe. Maombi ya vyuo vya Finland hupitia mtandao mmoja wa serikali yao, Studyinfo, mwezi Januari. Ya Uswidi nayo yana mtandao wao mmoja. Tangu masomo yaliyoanza 2025, Finland humtoza mwombaji wa kutoka nje ya Ulaya ada ya yuro 100. Karo hulipwa moja kwa moja kwa chuo, na chuo hutoa stakabadhi. Kama huna intaneti nyumbani, nenda maktaba ya Kaloleni au ile ya Makadara. Zilikarabatiwa vizuri, na kwa mwombaji mwenye subira kiti cha pale kinatosha.

Tena wako wanaokwenda huko bila kadi hata moja. Wahandisi wetu wa mvuke wa Olkaria wamekuwa wakienda Iceland kwa miongo kadhaa kwa kozi ya miezi sita, nchi hiyo ikigharimia, na Kenya ndiyo iliyopeleka wanafunzi wengi kushinda nchi nyingine yoyote. Walikwenda wakiwa na kazi na wakarudi kwenye kazi. Serikali ya Uswidi nayo ina ufadhili wa shahada ya pili kwa watu waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa, na Wakenya wamekuwa wakiruhusiwa kuomba. Binti wa miaka 19 haoni raha kuambiwa asome hapa kwanza, afanye kazi, ndipo aombe. Lakini njia hiyo ipo, na haikuuza ploti ya mtu.

Sasa nirudi Umoja. Jumatano jioni mama yule alikuja kwangu na binti. Tulikaa mezani na karatasi. Nikawapigia ile hesabu niliyokupigia. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema ana ploti Kamulu ambayo alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya uzee wake. Binti akamwangalia kwa ukali. Hakuwa amejua kwamba ploti hiyo ilikuwa mezani.

"Mzee," akaniuliza, "nikikosa hiyo ya mwaka wa pili, niende nisiende?"

Nikamwambia ukweli ulivyo. Vyuo vya Finland havimwekei mtu nafasi ya mwaka wa kwanza kwa sababu hana pesa. Huweka kwa ajili ya ugonjwa, uzazi au utumishi wa jeshi. Asipokwenda Agosti, itambidi aombe upya Januari, ashindane upya. Sikumwambia aende, sikumwambia abaki. Nilimwambia kwamba akienda na nusu ya karo ya mwaka wa pili ikiwa benki hapa Nairobi, kwa jina lake na la mamake, anaweza mwaka wa kwanza kufanya kazi saa chache, alale, amalize vipimo vyake 60 na apate punguzo, na ile nusu itakuwa ndiyo karo kamili. Nikamwomba pia mamake ahakikishe kwamba miezi 12 ya kwanza hakuna jamaa atakayepewa nambari yake kwa ajili ya kuomba pesa. Mama akasema hilo ni gumu kuliko milioni tatu. Tukacheka wote.

Binti ndiye aliyeamua. Ploti haitauzwa. Kadi zitachapishwa upya, harambee itasogezwa mbele majuma mawili, na kama hesabu haitatimia ataomba nafasi ya uuguzi hapa nyumbani na kujaribu tena Januari. Mama alilalamikia gharama ya kuchapisha. Nikamwambia aniletee risiti.

Kadi mpya nimeipata jana. Ina mistari minne. Nimeandika jina langu na kiasi changu kwenye ule wa nne.