Paka Aliyenona Kupita Kiasi



Sisi wa Madogo, tunaotenganishwa na Garissa kwa daraja la mto Tana, tumelelewa kuutazama unono wa mnyama kwa furaha. Mnunuzi wa mbuzi hupitisha kiganja mgongoni, akautafuta uti na mbavu. Akizikuta zimefunikwa na nyama, bei hupanda. Na aliyeuona ukame wa 2022 ukimaliza ng'ombe zizini hawezi kulaumiwa anapomwona mnyama mnene akasema Alhamdulillahi.

Lakini paka wa nyumbani si mbuzi wa mnadani. Unene uliopita kiasi humletea kisukari, humuumiza viungo na humkosesha pumzi katika joto letu hili. Mbwa wa kulinda mifugo hufuata mbuzi malishoni kutwa, na alichokula hukitumia njiani. Paka wetu hushinda kivulini, na panya hamshughulishi tena kwa kuwa ameshiba.

Kumtambua si kazi. Tumpapase ubavuni kwa kiganja kile kile cha mnunuzi wa mbuzi: mbavu zapasa kuhisika bila ya kubonyeza. Tumtazame kutoka juu: kiuno kionekane. Akiwa hafiki tena mgongoni kwa ulimi, hata manyoya ya nyuma yakashikana, basi amezidi. Paka wengi wazima huwa na kilo 4 hadi 5.

Hapa ndipo penye hatari, nasi twaomba pasomwe kwa makini. Wapo wanaoamua kumnyima chakula siku mbili tatu ili akonde upesi. Paka hana Ramadhani. Paka mnene akikaa bila kula siku chache, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ugonjwa huo huweza kumuua. Paka mnene anayekataa chakula kwa siku nzima apelekwe kwa daktari wa mifugo, isingojwe wiki.

Njia salama ni ya polepole. Paka wa kilo 6 asipoteze zaidi ya gramu 60 hadi 120 kwa wiki. Kuondoa kilo moja kutachukua miezi miwili hadi minne. Apimwe kila baada ya wiki mbili akiwa ndani ya kikapu, kisha uzito wa kikapu utolewe.

Tuanze kwa kuhesabu mikono. Mama humpa asubuhi, bibi humtilia maziwa, watoto humrushia minofu chini ya sinia, na kila mmoja hudhani ni yeye peke yake. Basi awepo mgawaji mmoja, bakuli moja na nyakati mbili maalumu. Maziwa yaondolewe, paka wengi wazima hayawakubali tumboni, nao hutosheka na maji safi. Wali na ugali wenye mafuta vipunguzwe, kwani paka ni mla nyama: samaki wa kuchemsha asiye na miiba, au nyama isiyo na mafuta, humshibisha zaidi kwa kiasi kidogo. Hayo yakishazoeleka, chakula chake kipunguzwe kidogo kidogo. Na jioni jua likipoa, watoto wamchezeshe kwa kamba au mpira wa karatasi dakika kumi. Watakuwa wamepata njia ya kumpenda isiyopitia tumboni.

Atalia mlangoni mwa jiko siku za mwanzo, na bibi atamhurumia. Tumwambie bibi kwa upole kwamba huruma yake haijakataliwa, ila imebadilishiwa sura. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba tutaulizwa juu ya wanyama tulio nao mikononi. Kumshindisha mnyama njaa ni dhulma, na kumlisha mpaka ashindwe kuruka dirisha nako si ihsani. Mja mwema hupima.

Wabillahi tawfiq.