Chambo cha runinga na gharama ya kujitangaza mpakani Busia

Katika Busia na Tororo, mpaka wa Kenya na Uganda hutenganisha sheria zaidi kuliko unavyotenganisha watu. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa Februari 2018, msafiri hukaguliwa upande mmoja tu, ule anakoingia. Mawimbi ya runinga na filamu zinazotazamwa kwenye simu hazipiti hata katika ukaguzi huo. Kwa njia hiyo umefika hapa mjadala ulioanzia Marekani na Uingereza, kuhusu namna runinga inavyowaonyesha watu wanaovutiwa na jinsia zote mbili. Umefika, lakini maana yake imebadilika njiani.

Kiini cha mjadala huo ni malalamiko ya kutegwa kwa chambo. Watazamaji wa Magharibi huwashutumu watayarishaji kwa kudokeza mapenzi kati ya wahusika wa jinsia moja ili kuvuta hadhira, kisha kutoyatimiza. Tamthilia ya Sherlock ya BBC, iliyoonyeshwa kuanzia 2010 hadi 2017, ilikabiliwa na shutuma hizo. Mhusika anayevutiwa na jinsia zote mbili ndiye rahisi zaidi kufichwa: akionekana na mpenzi wa jinsia nyingine, upande wake wa pili husahauliwa, akionekana na wa jinsia yake, ule wa kwanza hufutwa.

Mfano uliogusa Afrika Mashariki ni katuni ya The Legend of Korra. Katika sehemu ya mwisho, Desemba 2014, Korra na Asami, wasichana ambao kila mmoja aliwahi kumpenda kijana yuleyule, wanaondoka wakiwa wameshikana mikono. Baadhi ya watazamaji waliona kidokezo hicho ni kidogo mno, hadi waundaji wa katuni walipothibitisha kwamba wawili hao ni wapenzi. Kwa Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya, katuni hiyo ilikuwa imevuka mpaka. Juni 2017 bodi iliitaja miongoni mwa katuni sita ilizoagiza ziondolewe hewani, ikidai zinahimiza mapenzi ya jinsia moja kwa watoto.

Mwaka uliofuata, filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nyumbani. Kwa maelezo ya mwongozaji huyo, bodi ilitaka mwisho wake ubadilishwe kwa sababu ulibeba matumaini mno.

Upande wa Uganda, hatari ni kubwa zaidi. Sheria iliyotiwa saini Mei 2023 inatoa adhabu ya hadi miaka 20 jela kwa atakayepatikana na hatia ya kuhimiza mapenzi ya jinsia moja, na kuchapisha au kutangaza maudhui ya aina hiyo kumejumuishwa. Taasisi inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni moja za Uganda na kupoteza leseni. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu kadhaa lakini ikaiacha sheria yenyewe isimame.

Wanaoziunga mkono hatua hizi, wakiwemo viongozi wengi wa dini na wabunge, husema zinalinda watoto, familia na mila dhidi ya maadili ya kigeni. Hoja hiyo ina wafuasi wengi pande zote mbili za mpaka. Hata hivyo, haimjibu mtu ambaye tayari yupo ndani ya familia hizo, pengine ameoa au ameolewa, na ambaye hadithi ya runinga humtambua tu kama mdanganyifu au kichekesho.

Hapa ndipo shutuma ya chambo inapopoteza uzito wake. Chambo humhusu mtunzi aliye huru kusema lakini akachagua faida. Mtunzi wa Kampala au Nairobi anayeishia kwenye kidokezo huenda hajachagua lolote. Amepima leseni, jela na usalama wa waigizaji wake.

Hata kwenye uhuru, shinikizo la kujitangaza lina madhara. Oktoba 2022, Kit Connor, mwigizaji wa tamthilia ya Heartstopper aliyekuwa na umri wa miaka 18, alitangaza kwamba anavutiwa na jinsia zote mbili baada ya mashabiki kumtuhumu kuwatega. Alieleza kuwa alilazimishwa. Nchini Uingereza alipoteza faragha yake. Kwa kijana wa Tororo, tuhuma kama hiyo inaweza kumgharimu makazi, kazi au uhuru. Anayedai ukweli kamili kwenye kioo cha runinga hana budi kwanza kuuliza ni nani atakayeulipia.